Bi Kidude: ngoma kabla ya jukwaa

Fatuma binti Baraka, ambaye wengi walimjua kwa jina la Bi Kidude, alizaliwa Mfagimaringo, Unguja, binti wa mchuuzi wa nazi. Mwaka haukuandikwa popote. Mwenyewe alisema alizaliwa zama za rupia, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Rupia peke yake haisaidii sana, maana Zanzibar iliitumia hadi 1936. Magazeti ya nje yalimhesabia miaka mia na ushei, naye hakujisumbua kuyakosoa.

Taarabu aliipata kwa Siti binti Saad, yule wa Fumba aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kidude alikuwa binti mdogo wa kusikiliza, akazishika nyimbo kwa kichwa. Siti alifariki 1950. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa na Kidude kwa zaidi ya nusu karne. Katikati ya hapo palikuwa na ndoa zisizodumu, na safari ndefu za bara ambazo mwenyewe alisimulia kwamba alizitembea kwa miguu, peku.

Wanaomjua kwa taarabu tu wamemjua nusu. Riziki yake ya miaka mingi ilikuwa unyago, kuchora hina, na dawa za miti shamba. Alikuwa kungwi. Wari walikabidhiwa kwake wafundwe mambo ya unyumba, ndani, wanaume wakiwa mbali, na mafunzo yalikwenda kwa nyimbo na ngoma. Msondo ni ngoma ndefu: Kidude aliufunga kiunoni kwa kanga, akaupanda kama farasi, akaupiga kwa viganja huku akiimba na kukata kiuno. Mwanamke anayeweza kuimba juu ya kishindo hicho usiku kucha hahitaji kipaza sauti. Kwa maoni yangu ndipo ilipotoka ile sauti nzito, yenye mikwaruzo, iliyopenya fidla na kanuni za kundi zima bila kubembeleza.

Miaka ya 1980 akaimba na Twinkling Stars, baadaye na Culture Musical Club, na safari za Ulaya na Japani zikafuata. Umri ambao wenzake walikuwa wakikaa barazani kusubiri wajukuu, yeye alikuwa akipanda ndege. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Uingereza. Mwaka uliofuata Andy Jones akatoa filamu ya maisha yake. Nyumbani, tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004 likamfanya kipenzi cha vijana waliojaa Ngome Kongwe, uwanja wa tamasha hilo. Aliwaletea msondo uleule, hadharani, mbele ya wanaume na watalii. Jambo la ndani likawa la jukwaani, na sishangai kama wapo waliolikunjia uso. Hata sigara hakuificha, wala kinywaji, katika kisiwa ambamo bibi wa umri wake hutarajiwa kuwa na tasbihi mkononi.

Wala hakuwaachia wazee peke yao muziki wake. Offside Trick, vijana wa Zanzibar, walimwita studio wakarekodi naye “Ahmada”, na wimbo ukapigwa kwenye harusi na daladala na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye onyesho la taarabu asilia.

Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013.