Ruth Gordon na Garson Kanin: Ndoa Mbele ya Hakimu

Katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kampuni kubwa za filamu za Hollywood zilikuwa na desturi ya kuupitisha muswada mmoja, yaani andiko lenye mazungumzo na matendo ya wahusika, mikononi mwa waandishi kadhaa walioajiriwa kwa mkataba. Ruth Gordon na mumewe Garson Kanin walikwenda kinyume na desturi hiyo, kwani miswada yao iliandikwa na mke na mume, na jambo ililolichunguza zaidi lilikuwa ndoa yenyewe.

Gordon, aliyezaliwa Quincy, Massachusetts, mwaka 1896, alianza kuigiza mwaka 1915 huko Broadway, eneo la majumba ya tamthilia jijini New York, na alikuwa amekwisha kupata sifa jukwaani alipofunga ndoa mwaka 1942 na Kanin, mwongozaji wa filamu aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 16.

Kati ya mwaka 1947 na 1952 waliandika pamoja miswada minne, yote ikaongozwa na George Cukor: A Double Life, Adam's Rib, The Marrying Kind na Pat and Mike. Katika Adam's Rib (1949), iliyochezwa na Katharine Hepburn na Spencer Tracy, mume ni mwendesha mashtaka na mke ni wakili anayemtetea mwanamke aliyempiga risasi mumewe asiye mwaminifu, hivyo hoja ya usawa mbele ya sheria inayoanzia mahakamani huwafuata hadi chumbani. Mke hushinda kesi, lakini nyumbani mume naye hupata la kujibu. The Marrying Kind (1952) huwapeleka wanandoa wa kipato cha kawaida mbele ya hakimu wa talaka, ambako kila mmoja husimulia maisha yaleyale kwa namna yake.

Miswada mitatu kati ya hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar bila kushinda. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake kikazi: Kanin aliongoza tamthilia ya The Diary of Anne Frank mwaka 1955, naye Gordon akarejea kwenye uigizaji, akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa Rosemary's Baby (1968) akiwa na umri wa miaka 72. Ushirikiano wao wa uandishi wa filamu ulikuwa wa miaka michache tu, ilhali ndoa iliyoulea ilidumu miaka 42, hadi Gordon alipofariki mwaka 1985.