Jamaa Iliyoficha Vitabu

Mwaka 1994 mwandishi wa Misri Radwa Ashour alitoa riwaya ya Kiarabu juu ya Granada, mji uliotekwa na wafalme wa Hispania mwaka 1492. Mule tunaona jamaa ya mzee Abu Jaafar, fundi wa kujalidi vitabu. Wakubwa wapya wanachoma vitabu vya Kiarabu hadharani; mzee anaficha vyake, kisha anakufa kwa huzuni. Mjukuu wake Salima anaendelea kusoma, mpaka mahakama ya kanisa inamhukumu kuchomwa kama mchawi. Mwaka 1567 serikali ilikataza hata lugha yenyewe. Mwaka 1609 ikaanza kuwafukuza.

Ndugu msomaji, mtawala mjeuri huanzia kwa kitabu na lugha, sababu ndivyo vinavyoshika jamaa pamoja. Upinzani nao huanzia nyumbani, kwa bibi anayesimulia na mtoto anayesikiliza.