Kutembea Nuruni: Walokole na Bei ya Kusema Kweli

Katika vikundi vya maombi hapa kambini kuna neno halikosi kila wiki: kutembea nuruni. Mtu anasimama, anataja alichofanya, wenzake wanaimba. Vijana wengi hawajui limetoka wapi, na wafanyakazi wa mashirika wakilisikia hudhani ni desturi ya kambi. Hapana. Ni la zamani kuliko kambi hizi zote, na chimbuko lake si mbali: Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya Ziwa Muhazi.

Pale palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake, Mwingereza Joe Church, alifika mwaka 1928 akakuta njaa kali. Mwaka uliofuata alikwenda Kampala amechoka mwili na roho, na huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye kiu ileile ya Mungu. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja kama ndugu, enzi za ukoloni, halikuwa jambo dogo.

Lakini mimi navutiwa zaidi na Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa msimamizi wa wahudumu hospitalini Gahini, na kazi ilikuwa imeingia uchungu, watu hawaelewani. Akasafiri kwenda kumwona Nsibambi, akamweleza yote yaliyoharibika kule. Nsibambi alimsikiliza, halafu akamwambia kwamba chanzo kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Bwana, hilo ni neno gumu kumwambia mgeni! Kinuka alirudi akilitafakari njiani, akatubu, na kazini hakuwa tena mtu yuleyule.

Angalia namna ilivyofanyika. Nsibambi hakumwandikia daktari ripoti, wala hakumtangaza Kinuka kanisani. Alimwambia mwenyewe, uso kwa uso, baada ya kumsikiliza. Tena Nsibambi alikuwa mtu aliyezoea kuzitaja dhambi zake kwanza. Ndiyo ikawa kanuni ya ndugu wa Uamsho: unaanza kujimulika wewe, ndipo unamwendea mwenzako. Kutoka Gahini moto ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na watu wakaitwa walokole, yaani waliookoka. Wengi walirudisha mali walizoiba. Wengine walikwenda kuomba radhi kwa majirani waliokuwa hawasalimiani nao miaka mingi.

Sasa, kanuni ni rahisi kuisema. Chukua jambo la hapa kwetu: jirani bado anachukua chakula kwa kadi yenye jina la mtoto aliyekwisha ondoka. Kuna atakayekwenda kwake jioni, akae kwenye mkeka, waongee, pengine amgawie unga wake ili jirani asilale njaa akiirudisha kadi. Na kuna atakayesubiri Jumapili ashike maiki. Wote wawili wamesema kweli. Wa tatu ananyamaza mwaka mzima akisema ni upendo, kumbe anaogopa tu kuchukiwa.

Walokole nao walijikwaa hapo. Mwaka 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa kiongozi wao, kwa sababu hawakukubali kuacha ibada zao za alfajiri na kukemea dhambi waziwazi. Walikuwa na hoja. Kanisa lilikuwa limelala. Ila mtu anayeamshwa kila siku kwa kuambiwa kwamba ni mwenye dhambi, mwishowe huziba masikio. Na kuna jeraha kubwa zaidi. Nchi ileile ya Rwanda, mwaka 1994, iliona watu wakiuawa ndani ya makanisa. Ndugu wengi wa Uamsho walikataa chuki ya kikabila, na baadhi walikufa kwa ajili hiyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kanisa lilizoea mno kuungama wizi na uzinzi wa mtu mmojammoja, likachelewa kuwaambia wakubwa kweli kuhusu ukabila.

Lakini wapo waliowaambia wakubwa. Februari 1977 maaskofu wa Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, mtu wa Uamsho, walimwandikia Idi Amin barua. Ilikuwa na heshima, na ilitaja mauaji na askari waliovamia nyumba ya Luwum usiku wakiwa na bunduki. Tarehe 16 Luwum alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri Oryema na Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kufundisha Dodoma, alikuwepo siku hiyo mpaka walipoamriwa waondoke bila Luwum. Siku chache baadaye alivuka milima kwa miguu usiku na mkewe Mera, wakaingia Rwanda. Wakawa wakimbizi kama sisi. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Wapo waliokasirika kwa jina hilo tu. Ndani yake hakupunguza chochote: mauaji aliyaita mauaji, na aliyeyaamuru alimtaja. Amin alipoanguka mwaka 1979, Kivengere alirudi Kabale, akaendelea na uaskofu mpaka kifo chake mwaka 1988, na jina la kitabu hakulibadilisha.