Kanyagio Moja la Amri Mbili

Trekta za awali zilikusudiwa kuvuta tu, na kwa kazi hiyo klachi moja ilitosha. Taabu ilizuka pale wahandisi walipotamani injini iliyozungusha magurudumu iendeshe pia mitambo iliyofungwa nyuma. Mfaransa Albert Gougis alilijaribu jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, akazungusha mashine ya kuvunia nafaka kwa mhimili uliotoka kwenye trekta yake, na mwaka 1918 kampuni ya International Harvester ya Marekani ikaanza kuuza trekta zenye shafti ya nyuma ya namna hiyo.

Lakini shafti hiyo ilipokea nguvu kwa kupitia klachi ileile ya magurudumu. Mkulima aliyefikia majani mazito, akataka kusimama kidogo ili mashine yake ipate kuyamaliza, alipokanyaga klachi aliikatia nguvu mashine nayo. Na ajabu kubwa ni kwamba visu vizito vya mashine hiyo, vikiwa bado vinazunguka, viliweza kurudisha nguvu yao kwenye gia na kuisukuma trekta mbele, ilhali mwendeshaji ameketi akidhani ameisimamisha. Hata Ferguson TE20, iliyoanza kutoka Coventry, Uingereza, mwaka 1946, haikusalimika na kasoro hiyo, na fauka ya hayo pampu yake ya haidroliki ilitegemea njia hiyohiyo, hivi kwamba aliyekanyaga klachi hakuweza kuinua jembe. Mwaka huohuo Cockshutt 30 ya Brantford, Kanada, ilitoka na shafti yenye klachi ya peke yake. Harry Ferguson aliunganisha biashara yake na Massey-Harris mwaka 1953, na trekta ya FE35 iliyozinduliwa Uingereza mwaka 1956 ikapatikana na tadbiri nyingine: sahani mbili za msuguano chini ya kanyagio moja, likisukumwa nusu magurudumu hukatiwa nguvu, likishushwa mpaka mwisho shafti nayo husimama. Kwa maoni yangu hii ndiyo hila ya werevu kuliko zote za wakati ule, maadamu haikumwongezea mkulima hata mkono mmoja wa kushika.

Marekebisho yote ya klachi hiyo yanarejea kwenye kuihifadhi nafasi baina ya vituo hivyo viwili vya kanyagio, cha nusu na cha mwisho. Fundi huanza na ulegevu wa kanyagio, kwani ukikosekana beringi inayosukumwa na kanyagio huzunguka daima na kuchakaa, na ukizidi kanyagio hufika mwisho kabla ya sahani ya pili kuachia. Kisha hupitia kitundu kilicho ubavuni, akazipima kwa geji skrubu za bamba linaloibana sahani ya shafti, moja baada ya moja, huku akiizungusha injini kwa mkono, maana zisipolingana bamba huachia upande mmoja na kung'ang'ania upande wa pili.

Kutu ndiyo huivuruga hesabu hiyo. Trekta iliyolazwa bandani masika yote hupata unyevu hata sahani zikagandamana na chuma, na ya shafti hukaidi zaidi, kwa kuwa mwendeshaji aghalabu hukanyaga nusu tu. Mwenyewe akisikia gia zinalia, hukimbilia skrubu ambazo hazina taksiri yoyote. Nazo, kwa kuwa zimeshikwa na kutu, zikivunjika hapana budi kuitenganisha trekta kiunoni, injini huku na sanduku la gia kule. Aula ni kuzibandua sahani kwanza, na kupima baadaye.

Trekta nyingi za siku hizi zina klachi ya shafti inayofanya kazi ndani ya mafuta na kuamrishwa kwa haidroliki. Lakini wewe uliyebaki na ile ya kale, ukiilaza kwa muda mrefu, likanyage kanyagio mpaka mwisho na ulizuie kwa kipande cha mti, ili sahani zisigandamane.