Maji, Mkondo na Kisanduku cha Injini: Historia Fupi ya Maneno ya Umeme wa Gari

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi maneno ya umeme wa gari yalivyoingia katika Kiswahili, na kuonyesha tatizo moja lililojitokeza tangu magari yanayoongozwa kwa elektroniki yalipoenea. Tatizo hilo huonekana zaidi gari linapoingia maji. Sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kutafuta majina ya vitu. Katika jambo hili, kama tutakavyoona, hasara hutokana na kitenzi kuliko na jina.

Enzi ya distributa

Motokaa zilipofika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuta lugha yenye hazina kubwa ya maneno ya baharini. Kwa hiyo kifaa cha kugeuzia gari kikaitwa usukani, jina lililotoka katika mashua na majahazi. Sehemu nyingine zilipewa majina ya Kiingereza kama yalivyosikika katika masikio ya mafundi na madereva: breki, gia, klachi, plagi, koili, betri, kabureta, distributa. Wataalamu wa sayansi nao walipotaka jina la umeme upitao katika waya walichukua neno mkondo, ambalo tangu zamani lilikuwa la maji.

Distributa ilitokana na mfumo wa kuwasha injini uliobuniwa na Charles Kettering wa Marekani na kutiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Koili hupandisha umeme wa betri hadi kufikia maelfu ya volti, na distributa huugawa kwa kila plagi kwa zamu. Maji yakiingia chini ya kifuniko chake, umeme hutoroka kwa kufuata unyevu, plagi hukosa cheche na injini huzimika. Dawa yake ilikuwa nyepesi. Fundi alifungua kifuniko, akakifuta kwa kitambaa kikavu au kukianika juani, na gari likawaka. Hivyo, katika lugha ya gereji, kitenzi kukausha kilibeba maana ya tiba nzima, nacho kilistahili kuibeba.

Enzi ya elektroniki

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa D-Jetronic, uliofungwa katika magari ya Volkswagen 1600 yaliyopelekwa Marekani. Kisanduku chenye transista kilipokea habari za hewa iingiayo katika injini, kikaamua kiasi cha petroli kitakachonyunyizwa. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria kali ya kupunguza uchafuzi wa hewa, na watengenezaji wakalazimika kutafuta njia za kuongoza uchomaji wa petroli kwa usahihi zaidi. Mwaka 1979 mfumo wa Motronic, uliotiwa kwanza katika BMW 732i, uliweka cheche na petroli chini ya kompyuta moja ndogo. Kwetu magari ya namna hii yameingia kwa wingi tangu miaka ya 1990, mengi yakiwa yamekwisha kutumika huko Japani.

Kisanduku hicho kilipata majina mengi. Gereji zilikiita kontroli boksi. Wengine kompyuta ya gari, au ubongo wa gari. Wanaistilahi nao walikuwa na mjadala wao juu ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Wingi huu wa majina haukuleta madhara makubwa, kwani fundi, mwenye gari na muuza vipuri waliweza kukionyesha kisanduku kwa kidole wakaelewana. Kitenzi hakionyeshwi kwa kidole.

Kitenzi kilichohamishwa

Kukausha kulihamishwa kutoka distributa hadi kisanduku bila kuangaliwa upya. Mafuriko ya bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kama yale ya Desemba 2011 na Aprili 2018, yanatukumbusha jinsi maji yanavyoweza kulifikia gari hata lililoegeshwa. Katika magari mengi kisanduku huwekwa chini ya dashibodi au karibu na miguu ya abiria, yaani mahali ambapo maji hufika mapema.

Ndani yake mna ubao wenye njia nyembamba za shaba zinazokaribiana mno. Maji ya mafuriko yana chumvi na tope, na kwa sababu hiyo hupitisha umeme. Betri ikiwa bado imeungwa, mkondo hupita katika maji kutoka njia moja hadi nyingine, ukiichukua shaba kidogo kidogo. Ni ajabu ya lugha kwamba hapa mikondo miwili, wa maji na wa umeme, hukutana. Maji yakikauka, chumvi hubaki, hunyonya unyevu wa hewa na kuendelea kuila shaba. Gari lililoanikwa juani huweza kuwaka siku ile, na kuzima baada ya majuma kadhaa. Mwenye gari huambiwa kwamba kontroli boksi imeungua, ingawa hapakuwa na moto wala joto la kuiunguza.

Kosa hili si la fundi peke yake. Mfasiri akiandika katika kitabu cha maelekezo “kausha kisanduku” bila neno jingine, ameiandika hasara. Afisa akijaza katika taarifa ya gari la Serikali kwamba kifaa “kimeungua”, atakayeisoma atatafuta chanzo kisichokuwapo.

Mapendekezo

Tunapendekeza maneno yafuatayo yatofautishwe katika vitabu, mafunzo na taarifa.

Kwanza, kutenga betri: kuondoa waya wake hasi kabla ya jambo lolote, na kutogusa swichi ya ufunguo.

Pili, kuosha: kuondoa chumvi na tope katika ubao na katika pini za soketi, kwa maji yaliyotoneshwa au kwa alkoholi safi.

Tatu, kukausha: kitendo cha mwisho, kinachofuata kuosha na kisichochukua nafasi yake.

Nne, kulika na ulikaji: hali ya shaba iliyoliwa, ambayo mara nyingi hujulikana kwa kutu ya kijani. Palipo na ulikaji mkubwa, hasa wa maji ya bahari, kisanduku hubadilishwa.

Tano, shoti ibaki kwa umeme uliopita njia isiyo yake, na kuungua kubaki kwa uharibifu wa joto.

Kuhusu jina la kifaa, hati rasmi zaweza kutumia kidhibiti injini, na jina la gereji litajwe kando yake mara ya kwanza ili msomaji asipotee.

Orodha zetu za istilahi zina safu ndefu za majina na vitenzi vichache. Mashine zinapobadilika, majina mapya hudaiwa mara moja kwa sababu ukosefu wake huonekana. Vitenzi vya zamani huendelea kutumika kimya kimya, hata pale kazi vinavyoitaja imekwisha kubadilika. Walimu wa vyuo vya ufundi ndio wanaovisikia kila siku, na tunawaomba watuletee vile vinavyotumika katika karakana zao, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe inavyofanyika.