Mlango wa Chuo Kikuu: Lubumbashi na Dar es Salaam

Masharti ya kuingia chuo kikuu husomwa mara nyingi kama orodha ya alama. Yakilinganishwa ya nchi mbili jirani, huonekana kwamba kila dola iliweka mlangoni picha yake ya mwanafunzi anayefaa, na kwamba picha hiyo iliwaacha nje watu ambao alama zao hazikuwa na dosari.

Lovanium ilipofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Serikali kilipoanza kufundisha Elisabethville mwaka 1956, shule za sekondari zilizowafikisha vijana Waafrika hadi mwisho wa masomo zilikuwa chache mno. Lovanium ilibidi iwe na mwaka wa matayarisho kabla ya masomo yenyewe. Sharti lilikuwa la Kibelgiji, ilhali njia ya kulifikia ilikuwa haijajengwa.

Baada ya uhuru, Kongo ilijitafutia kipimo chake. Mtihani wa taifa, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, uliuchukua uamuzi wa mwisho kutoka mikononi mwa shule moja moja. Mtahiniwa wa Kalemie na yule wa Kinshasa hukabili maswali ya aina moja: maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya mkondo wake, uwe wa Kilatini na Falsafa au wa Pedagojia. Matokeo hutolewa kwa asilimia moja tu. Anayepata 50 ana diploma, na kwa kanuni ya jumla mlango uko wazi. Ila fakulti zinazogombewa, kama ile ya Uganga, zimezoea kudai zaidi au kuongeza mtihani wao.

Dar es Salaam ilifuata desturi ya Kiingereza. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa awe amefaulu kwa kiwango kikuu angalau masomo mawili, na masomo hayo yaendane na fani aliyoiomba. Tofauti hii si ndogo. Asilimia ya Kongo ni wastani: udhaifu wa Kemia waweza kufidiwa na Kifaransa kizuri. Katika utaratibu wa Tanzania hakuna fidia. Aliyeanguka Kemia ameanguka Kemia, hata akiwa bingwa wa Historia.

Lakini alama hazikuachwa peke yake kwa muda mrefu. Mwaka 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza karibu 400. Mwaka 1971 Mobutu aliwaingiza jeshini wanafunzi wa Lovanium kwa sababu ya maandamano. Mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu, vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, viliunganishwa kuwa UNAZA. Dola zote mbili zilikuwa zimegombana na wanafunzi wake, na zote mbili zikaugeukia mlango.

Zaire ilitazama asili. Nafasi za UNAZA ziligawanywa kwa mikoa, hoja ikiwa ni kusawazisha urithi wa kikoloni, ambao kweli ulikuwa umezipendelea sehemu fulani kwa shule. Hoja haikuwa ya uongo, lakini mzigo wake ulimwangukia kijana mmoja mmoja: wawili wenye asilimia ileile walipewa majibu tofauti kwa sababu ya mahali walikotoka baba zao. Tanzania nayo ilijua mgawo wa mikoa, ila iliuweka chini zaidi, katika kuingia sekondari.

Chuoni, Tanzania ilitazama kazi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mwombaji amalize Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili, kisha alete sifa njema kutoka kwa mwajiri na kwa chama. Watu wazima waliokuwa kazini walipata njia ambayo Lubumbashi haikuwa nayo, na hilo ni la kusifiwa. Wasichana ndio waliolipa. Miaka ile ya kungoja ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa. Idadi yao chuoni ikashuka, hata ikabidi waondolewe sharti hilo miaka michache baadaye. Makerere, ambayo hadi 1970 ilikuwa pamoja na Dar es Salaam na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilikwenda mbali zaidi mwaka 1990 kwa kumwongezea kila mwombaji wa kike alama 1.5.

Mgawo wa mikoa na sharti la kazi vimepita. Wastani na masomo mawili vimebaki, navyo havitafsiriki. Mkongomani mwenye 62 akivuka ziwa kuomba masomo Tanzania, diploma yake haisemi alipata ngapi katika Kemia. Hulazimika kubeba buletini za shule za miaka ya mwisho, karatasi zilezile za shule moja moja ambazo mtihani wa taifa ulikuwa umekusudiwa kuzivua uamuzi wa mwisho.