Wimbo Kabla ya Santuri: Wapenzi wa Muziki wa Dansi Dar es Salaam na Historia ya Nyimbo Mpya

Katika historia ya muziki wa dansi wa Tanzania, yaani muziki wa magitaa, tumba na tarumbeta unaopigwa na bendi ili watu wacheze ukumbini, albamu ilikuwa kitu cha mwisho kumfikia mpenzi wa bendi. Wimbo mpya ulianza kusikika ukumbini, ukafuata redioni, kisha ukaenea mitaani kwa kaseti zilizonakiliwa, na mara nyingi ulipofika kwenye santuri au albamu ulikuwa umekwisha kuimbwa na kukaririwa na wapenzi kwa miaka kadhaa. Mpangilio huo ulimpa mpenzi wa bendi hadhi ambayo mnunuzi wa santuri hakuwa nayo, kwa kuwa alikuwa shahidi na mwamuzi wa wimbo tangu ulipozaliwa. Lakini mpangilio huohuo ndio uliomnyima mwanamuziki sehemu kubwa ya malipo ya kazi yake.

Ushabiki wenyewe ni mkongwe kuliko magitaa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika pwani ya Kenya ngoma ya beni, iliyoiga bendi za tarumbeta za wanajeshi, ikasambaa hadi Tanganyika kwa kufuata njia za askari, wapagazi na makarani. Wachezaji wake waligawanyika katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo, gwaride na nyimbo, na vilivyovuma zaidi Tanganyika ni Marini, kilichohesabiwa kuwa cha watu wenye nafasi, na Arinoti, kilichowavuta zaidi watu wa kipato cha chini. Mwanachama wa upande mmoja aliusubiri wimbo mpya wa upande wake kwa hamu, kwa sababu wimbo huo ulikuwa jibu kwa wapinzani, na kwa hiyo ubora wake ulipimwa kwa jinsi ulivyowanyamazisha. Tabia hii ya kuupokea wimbo kama hoja katika mashindano iliendelea kuishi mijini hata beni yenyewe ilipofifia.

Upande wa taarabu, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya HMV, na sahani zake za santuri zikauzwa kwa wingi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Wasikilizaji wengi wa bara waliifahamu sauti yake kabla hawajamwona, na wengine walifunga safari kwenda Unguja kumsikiliza. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, aliihifadhi habari ya sifa hiyo iliyotangulia mbele ya mwenyewe. Kwa Siti, basi, santuri ndiyo iliyomtafutia wapenzi. Kwa bendi za dansi zilizokuja baadaye, wapenzi walikuwapo tayari na santuri ndiyo iliyochelewa.

Dansi ilianza kushika mizizi Dar es Salaam kati ya vita viwili vya dunia, na Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Neno jazz katika majina ya bendi za wakati huo lilimaanisha tu bendi ya dansi ya kisasa, kwani muziki uliopigwa ulikuwa foksitroti, waltz, na baadaye rumba iliyojifunzwa kutoka kwenye santuri za Kuba zilizotolewa na HMV kwa alama ya GV kuanzia miaka ya 1930. Morogoro, mji uliokuwa na bendi mbili kubwa, ulitoa mfano wa mapema wa mwanamuziki aliyependwa nchi nzima: Salum Abdallah wa Cuban Marimba, ambaye nyimbo zake zilitolewa kwa alama ya Mzuri na duka la Assanand la Mombasa, na aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mwenzake katika sifa alikuwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970; mwaka 1973 aliunda Super Volcano, naye akafariki kwa ajali karibu na Mombasa mnamo Januari 1979.

Kutajwa kwa Mombasa katika habari hizi kuna sababu yake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka nyimbo zake zitoke kwa njia hiyo ilitegemea kampuni za Kenya, hasa za Nairobi, zilizokuwa na studio, mitambo na mawakala. Baadhi ya wanamuziki walihamia huko moja kwa moja, kama walivyofanya ndugu Wilson Peter na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walioanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Kwa waliobaki nyumbani njia hiyo ilizidi kuwa ngumu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983.

Pengo hilo la kukosa kiwanda lilikuwa limeanza kuzibwa mapema zaidi na mfumo wa dola na mashirika yake. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Jeshi, polisi, umoja wa vijana na mashirika ya umma nayo yakawa na bendi zao, yakanunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara kama watumishi wengine. Redio, iliyokuwa imeanza kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ilifanywa chombo cha serikali mwaka 1965 kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, maarufu kama RTD, na studio yake ikawa mahali pakuu pa kurekodia bendi za nchi. Kabla ya kurekodi, mashairi yalipitiwa na kamati iliyoangalia maadili na ujumbe. Yaliyokubaliwa yaliingizwa kwenye utepe, na utepe ukabaki katika maktaba ya redio kwa ajili ya kurushwa hewani, si kwa ajili ya kuuzwa.

Kabla ya kufika studio, hata hivyo, wimbo ulikuwa umepitia mtihani wa ukumbi. Bendi ilifanya mazoezi mchana katikati ya juma, ikaupenyeza wimbo mpya kati ya nyimbo zinazojulikana katika dansi la mwisho wa juma, na mwitikio wa wachezaji ndio ulioamua kama utabaki, utarekebishwa au utaachwa. Wimbo wa dansi kwa kawaida ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya mwendo wa taratibu, iliyobeba kisa na mashairi, na ya pili ya mwendo wa kasi, iliyoitwa chemko, ambamo magitaa na tarumbeta zilipokezana na waimbaji wakaitikia kwa vibwagizo vifupi. Sehemu ya kwanza ilipimwa kwa utulivu wa wasikilizaji, ya pili kwa wingi wa watu waliosimama kucheza. Aliyeguswa na maneno alikwenda mbele ya jukwaa kumtuza mwimbaji, yaani kumpa fedha hadharani, pengine kwa kuibandika noti kwenye paji la uso wake, na tuzo hiyo ilikuwa ishara iliyoonekana na ukumbi mzima kwamba wimbo umepata mwenyewe. Kwa kuwa visa vingi vilihusu ndoa, wivu, ulevi, mirathi na maisha ya mjini, ilikuwa kawaida wapenzi kubishana ni nani hasa anayesemwa.

Baada ya RTD kuurusha wimbo hewani, mzunguko wake ulipanuka kupita mipaka ya Dar es Salaam. Vipindi vya salamu, ambavyo wasikilizaji walivitumia kadi zenye majina ya jamaa na marafiki wanaowasalimu, viliufikisha wimbo vijijini ambako bendi haikuwahi kukanyaga, na bendi iliposafiri mikoani ilikuta watu wanaoujua mstari kwa mstari. Kaseti zilipoenea kuanzia miaka ya 1970, wenye redio za kaseti walirekodi moja kwa moja kutoka hewani, na kukazuka vibanda vilivyonakili nyimbo kwa oda ya mteja, aliyeandika orodha ya nyimbo anazozitaka na kulipia kazi ya kunakili. Kila mpenzi alijitengenezea albamu yake mwenyewe, lakini katika malipo yale hapakuwa na senti iliyomfikia mtunzi.

Hamu ya nyimbo mpya ilichochewa zaidi na uhasama wa bendi na bendi. Kila bendi ilikuwa na mtindo, yaani jina la mapigo na uchezaji wake lililotumika pia kuwatambulisha wafuasi: Western Jazz ilikuwa na Saboso, NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, na Maquis, iliyotoka Zaire na kuweka makao Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ilikuwa na Kamanyola na baadaye Ogelea Piga Mbizi. Mwaka 1978 iliundwa Mlimani Park Orchestra chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, ikawavuta wanamuziki wa Dar International na wa JUWATA, jina jipya la NUTA, wakiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Abel Balthazar na Michael Enoch. Mtindo wake, Sikinde, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo, na tangu hapo wapenzi wa mjini wakagawanyika kati ya Msondo na Sikinde kama walivyogawanyika kati ya Simba na Yanga katika kandanda. Bendi hiyo ilihamia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, mwaka 1983; miaka miwili baadaye Gurumo, Bitchuka na wenzao walihamia Orchestra Safari Sound, iliyotamba kwa mtindo wa Ndekule. Kila uhamisho wa namna hiyo uliwafanya wapenzi wajazane kusikiliza nyimbo zitakazofuata, kwani ndizo zilizoonyesha kama bendi iliyoachwa imetetereka na kama bendi iliyopokea imepata ilichokitafuta.

Nguvu ya mzunguko huu ilidhihirika pale redio ilipokataa wimbo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyeiongoza Super Matimila na kufanya makazi yake Dar es Salaam, alitunga wimbo wa Mambo kwa Soksi, uliowahimiza watu kutumia kondomu ili kujikinga na UKIMWI. RTD haikuupiga kwa kuuona umekiuka maadili, lakini wimbo ulikuwa umekwisha kuingia masikioni mwa wapenzi kwa njia ya ukumbi na kaseti, ukawa miongoni mwa nyimbo zake zinazojulikana zaidi. Kamati iliweza kuuzuia wimbo usiruke hewani. Haikuweza kuuondoa vinywani mwa watu.

Albamu, kwa upande wake, ilikuja ama kwa kuchelewa ama kwa ajili ya watu wengine. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zilikusanywa katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho baada ya yeye kufariki, hivyo mkusanyo mkubwa wa kazi zake ukawa pia tanzia yake. Albamu ya Remmy Ongala ya mwaka 1989, Songs for the Poor Man, ilitolewa Uingereza na Real World kwa soko la nje, na mkusanyo wa Mlimani Park uitwao Sikinde ulitolewa na Africassette ya Detroit, Marekani, ukiwa na nyimbo ambazo wapenzi wa Dar es Salaam walikuwa wamezicheza miaka mingi kabla. Msikilizaji wa Ulaya aliyeifungua albamu ya namna hiyo kwa shauku ya kusikia kitu kipya alikuwa anapokea kile ambacho Kariakoo na Magomeni, mitaa ya Dar es Salaam, ilikwisha kukipitisha.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990. Redio na televisheni binafsi, zikiwamo Radio One na ITV zilizoanza mwaka 1994, ziliuvunja ukiritimba wa RTD. Studio za kibiashara zikaongezeka, wasambazaji wa kaseti wakaanza kununua kazi kwa mikataba, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ikafungua njia ya kuundwa kwa chombo cha kusimamia haki za watunzi, COSOTA. Ndipo albamu ilipokuwa tukio la ndani. African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta, iliifanya hafla ya uzinduzi wa albamu kuwa sherehe kubwa ya mwaka katika kalenda ya dansi, kuanzia na Kisa cha Mpemba, na wapenzi walilipa kiingilio ili washuhudie kuzinduliwa kwa nyimbo ambazo nyingi walikuwa wanazijua tayari kutoka maonyesho ya kila wiki. Desturi ya ukumbi kwanza na albamu baadaye ilibaki palepale. Kilichoongezeka ni kwamba sasa palikuwa na kitu cha kuuza mwishoni.

Mageuzi hayo yaliwakuta wengi wa wanamuziki wa miaka ya 1970 na 1980 wakiwa wazee au wamekwisha kufariki, na tepe za kazi zao ziko katika maktaba ya redio ya taifa, ambayo leo ni sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Mfumo wa wakati ule uliwapa mshahara, vyombo na wasikilizaji wa nchi nzima, ukawanyima mali itokanayo na nyimbo zao; wapenzi waliwapa tuzo na sifa, wakanakili kaseti bila kujua kwamba kuna deni. Deni hilo bado linaweza kulipwa kwa sehemu, kwa kuzihifadhi tepe hizo kwa njia ya kidijitali, kuwatambua watunzi kwa majina yao, na kuhakikisha kwamba kila nakala inayouzwa leo inawalipa wao au warithi wao.